Koti Langu Lililovaliwa na Lori

Tangu nirudi kutoka Karema, hakuna hata mmoja wenu aliyekaa kwenye benchi la kibanda changu akaniuliza habari za ziwa. Wote mnauliza koti. Mlinikuta nikilikata, mkaniona nikilishona na kulipiga pasi ya mkaa, mkasema fundi Petro anakwenda ukweni amevaa kama karani wa bomani. Sasa nimerudi na shati tupu. Nimeeleza mpaka mate yamenikauka, na kila nikieleza mnaangua kicheko mnasema huo ni utani. Basi leo nimefunga cherehani niandike yote tangu mwanzo, anayejua kusoma awasomee wengine. Habari za kutafuta ruhusa na kuomba nafasi garini siwachoshi nazo.

Mjue tu kwamba safari nzima sikuelewa sawasawa kilichokuwa kikitokea. Mahali pengine mpaka sasa sijaelewa.

Mpanda: mteja asiye na mabega

Shomari dereva mnamjua, yule Mzaramo anayeendesha lori la tajiri wa mchele. Mimi Mnyamwezi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo hadi pwani, na utani una sheria zake. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kuja kucheka msibani kwako, na wewe ukikasirika, mwenye aibu ni wewe. Mwaka jana Shomari aliniletea mbuzi wake nimpime suruali. Nilimpima.

Kwa hiyo aliposimama kibandani kwangu akasema, "Mtani, nataka unishonee koti," niliuliza kama inavyopasa.

"La nani?"

"La lori."

Nikachukua utepe wangu wa kupimia, nikamfuata barabarani. Akafunua boneti, akanionyesha bomba nene la chuma lililoshikana na ubavu wa injini, pale moshi unapotokea.

"Hili hapa ndilo linalobeba moto wote," alisema. "Na huu mrija mdogo jirani yake unapitisha petroli. Tukiwa mlimani tunakwenda polepole, upepo hakuna, bomba linawaka mpaka petroli inachemka ndani ya mrija. Ikishakuwa mvuke, pampu inanyonya hewa tu. Gari linakufa. Nataka tulivike hili bomba."

"Lina joto?"

"Joto la jehanamu."

"Na wewe unataka kulivika koti?"

"Ndiyo."

"Shomari, mwenye joto huvuliwa koti."

"Huyu humvishi kwa faida yake, mtani. Unamvisha kwa faida ya jirani yake."

Nilicheka sana. Yeye alicheka pia, na hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu Shomari hucheka anaposema uongo na hucheka anaposema kweli. Alinipa kitambaa kizito, cheupe chenye kijivu, alichopewa na rafiki yake wa karakana ya mgodini. Alisema wanafungia nacho mabomba ya mvuke na hakiungui. Akanipa na kibunda cha waya mwembamba. "Ushone kwa waya huu. Usitumie uzi."

Kushona kwa waya! Nikajisemea, leo mtani amekuja na mpya. Nami sikutaka kushindwa. Nilishona lile koti kwa uzi wa pamba mzuri, nikaliwekea kola na vifungo vitatu mbele. Ule waya niliufunga ukutani, nikatundikia suruali za watu.

Kabla sijalipeleka, akaja mchuuzi wa samaki kutoka Karema na ujumbe wa mzee Anselmi, baba mkwe wangu. Mke wangu Veronika alikuwa amekwenda kwa mama yake kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Mchuuzi aliusema ujumbe kama alivyoagizwa, bila kuongeza chumvi: "Mtoto wa kike. Wote wazima. Jumapili anabatizwa. Ukiwapo utataja jina la kwenu. Usipokuwapo, sisi majina tunayo mengi."

Mama yangu alikuwa anaitwa Kabula. Alifariki masika yaliyopita, na katika wajukuu wake wote hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Dada zangu walizaa, watoto wakapewa majina ya ukweni kwao. Kwetu, mtu ambaye jina lake haliitwi tena uani, huyo ndiye amekufa kweli. Nilimwahidi mama tukiwa tunafukia kaburi, na ahadi ya namna hiyo haina wa kukusamehe.

Nikamkimbilia Shomari. Bahati nzuri alikuwa anakwenda Karema Ijumaa, na mchele wa Usevya na chumvi. Nikampa koti la lori. Alipoona kola alicheka mpaka akakaa chini. Alipoona vifungo alilia machozi. Akalifunga lile koti kwenye bomba haraka haraka kwa sababu tajiri alikuwa anapiga kelele, na uzi hakuuona.

Kizuizi cha mbung'o

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, mimi kiti cha mbele na koti langu la buluu nyeusi, nimekaa wima nisilikunje. Lori lilikwenda vizuri ajabu. Shomari aliimba njia nzima. Kila baada ya muda aligusa ubao uliotutenga na injini na kuniambia, "Shika, mtani. Zamani ungeungua." Nikashika. Palikuwa na uvuguvugu tu. Nikashindwa kuelewa ni nani anayemtania mwenzake, mimi, Shomari au lori.

Kwenye kizuizi cha mbung'o tuliingizwa ndani ya lile banda la giza, milango ikafungwa. Mnajua kazi ya wale walinzi: wanapita na nyavu zao wakisaka mbung'o waliopanda gari, ili wasivushwe kwenda kwenye ng'ombe na watu. Mlinzi mmoja, mtu mrefu mwenye sauti ya kipadri, alinizunguka mara mbili.

"Bwana, hili koti lako ndilo linawaita. Mbung'o anapenda nguo nyeusi kuliko anavyopenda ng'ombe."

Akanipiga mgongoni kwa kiganja, pa! pa! Sikujua nikasirike au nishukuru. Halafu akafunua boneti, akachungulia.

"Huyu humu ndani ni nani?"

"Ni bomba," alisema Shomari.

"Bomba lina vifungo?"

"Fundi wake huyu hapa, muulize."

Mlinzi alinitazama kama mtu anayetazama mwizi aliyevaa vizuri. Sheria yake, alisema, ni kwamba nguo zote zikung'utwe, maana mbung'o hujificha kwenye mikunjo. Shomari akamwambia nguo hii haikung'utwi, ni ya moto. Mlinzi akauliza kama ni ya moto kwa nini imevaliwa na kitu chenye moto tayari. Nikamwambia, "Hata mimi niliuliza hivyo hivyo." Shomari akaniangalia vibaya. Wakabishana pale gizani, injini ikiunguruma, mpaka mlinzi mwenyewe alipoweka kidole kwenye kola na kukitoa haraka. Akatufungulia milango.

Muda mfupi baada ya pale nilianza kusikia harufu. Fundi cherehani anaijua harufu ya pamba inayoungua hata akiwa usingizini. Nikamwangalia Shomari, yeye anaimba. Nikasema moyoni, labda ni shamba linachomwa.

Msitu wa mizinga

Tulilala njiani usiku mmoja. Lori lilikufa Jumamosi, kwenye mwanzo wa vilima, kabla barabara haijaanza kushuka kwenda ziwani. Halikufa ghafla. Lilikohoa, likaruka kidogo, likakohoa tena, likanyamaza. Moshi ukatoka chini ya boneti.

Shomari alifunua. Nyuzi zote zilikuwa zimeungua, mishono imeachia, koti limedondoka, na feni imelichanachana vipande vipande. Vifungo vyangu vitatu vilikuwa vimelala juu ya injini. Aliokota kola, akaitazama.

"Ulishona kwa nini?"

"Kwa uzi."

"Na waya wangu?"

"Natundikia suruali."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alikaa juu ya tairi la akiba, ile kola mkononi. Kesho yake ilikuwa Jumapili.

Nilichukua ndoo ya maji nimwagie lile bomba lipoe. Shomari alirukia mkono wangu akapiga kelele, "Chuma kitapasuka!" Akalowesha kitambaa, akakiweka taratibu kwenye pampu ya petroli tu. Mimi nilidhani amechanganyikiwa: kitu kinachowaka hataki kukimwagia maji, kisichowaka ndicho anakiogesha.

Tukiwa tumeinama hivyo ndani ya moshi, tukasikia sauti nyuma yetu.

"Wezi nyie! Mchana kweupe!"

Alikuwa ni mtu mfupi mwenye shoka begani, na nyuma yake mkewe na mtungi. Mume, Mkonongo anayeitwa Maganga, alikuwa na mizinga ya magome kwenye miti yote iliyotuzunguka, nasi hatukuwa hata tumeinua macho. Katika msitu ule, watu wawili walioinama kwenye moshi chini ya mizinga wana kazi moja tu, na siyo ya halali.

"Gari limekufa, ndugu yangu," alisema Shomari.

"Gari halitoi moshi wa kufukuzia nyuki. Asali yangu mmeweka wapi?"

Akachungulia chini ya lori, akachungulia kwenye mchele, akanusa vidole vyangu. Kilichotuokoa ni nyuki wenyewe. Walikuja kundi zima kwenye kile kitambaa kilicholowa, wakaanza kunywa maji juu ya pampu. Maganga akasimama akawatazama kwa furaha kama mtu aliyewakuta ng'ombe wake wametulia mtoni. Akasema mwizi wa asali nyuki hawamkaribii hivyo. Shoka likashuka.

Mkewe, Mama Sesilia, alitupikia ugali wa muhogo na nyama ya kukaushwa, na asali kwenye bakuli. Nilikula lakini sikusikia ladha. Nikawaeleza habari za ubatizo na jina la mama. Mama Sesilia akaacha kula.

"Jina la mama yako?"

"La mama yangu."

Akamgeukia Shomari. "Hilo bomba linataka nini?"

"Linataka kuvikwa kitu kisichoungua."

"Udongo wa kichuguu hauungui. Nakandikia mafiga nao. Ndani moto unalia, nje paka amelala."

Shomari aliinuka kama aliyechomwa sindano. Wakachota udongo wa kichuguu, wakaukanda na maji. Mimi nikasimama kando. Nilijua sasa wamekuwa wawili, Mzaramo na Mkonongo, wamenipangia. Kupaka lori matope! Lakini udongo mtupu haukushika kwenye bomba, uliteleza ukadondoka. Shomari akasema unahitaji kitambaa kizito katikati cha kuubeba, halafu ufungwe na waya wa kwenye ubao wa nyuma. Akaangalia turubai, limeoza. Akaangalia magunia, yana mchele wa watu. Kisha akaniangalia mimi.

"Vua koti, mtani."

Nilicheka. Kwa sheria yetu mtani akikuomba nguo unampa, ukitaka utaikomboa baadaye kwa kuku au kwa pombe. Nikavua nikampa kwa mbwembwe, nikajua atalivaa kidogo, atatembea nalo kama karani, kisha tutacheka sote. Alilichovya kwenye matope.

Jamani. Lile koti! Nilimkamata shati. Nilisema maneno ambayo siyaandiki. Mama Sesilia alishika mdomo, maana hata yeye alijua kwamba mtani hakamati shati la mtani.

Shomari hakujitoa. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka viwikoni, akanitazama usoni.

"Mtani, mimi mwanangu wa kwanza walimpa jina nikiwa safarini, gari limekufa kama hivi. Mama yangu naye alikuwa anangojea jina lake. Mpaka leo nikimwita mwanangu, ninaita jina la mtu nisiyemjua. Nafanya mzaha kwa kila kitu. Kwa hili sifanyi."

Nikamwachia shati. Nilikuwa nimemjua Shomari miaka yote ile na sikuwahi kuuona uso wake bila kicheko, na sikuujua. Niliona aibu, na huruma, na bado nilikuwa nalililia koti, yote kwa pamoja.

Basi tukashona. Ndiyo, tulishona, maana mkono wa fundi hauwezi kutazama kazi mbaya. Bomba lilipopoa kabisa nilikunja mikono ya koti kuzunguka lile bomba la chuma, nikaipaka udongo ndani na nje, na safari hii nikafunga kwa waya, kila fundo nikilivuta mpaka vidole vikatoka damu. Kola ilibaki imechungulia upande wa mbele, haikuwa na pa kwenda. Maganga aliwasha moto mdogo kando ili udongo ukauke taratibu usipasuke. Tulilala pale pale.

Mlimani

Asubuhi ya Jumapili tuliwasha. Mama Sesilia aliweka mtungi wa asali miguuni kwangu, akasema ni wa mwenye jina. Lori likapanda. Nilikuwa natoka jasho ndani ya shati langu, na mbele yangu, nyuma ya ubao, koti langu lilikuwa linaiva. Harufu yake ilikuja kwanza kama pamba, halafu kama sufu, halafu kama chungu kipya.

"Shika ubao," alisema Shomari.

Nikashika. Uvuguvugu.

Hapo nilijaribu tena kuelewa. Labda koti halijui nani ana joto na nani ana baridi. Labda kazi yake ni moja tu, kuzuia joto lisivuke mpaka, ukilivaa linakufungia lako, ukilivalisha moto linakukinga na wake. Nikamwambia Shomari.

"Ndivyo nilivyokuambia Mpanda," alisema.

"Hukuniambia hivyo."

"Nilikuambia kwa faida ya jirani."

Sijui kama ni kweli alimaanisha hivyo. Lori halikukohoa hata mara moja. Lakini kwenye mteremko tulikuta mti umeanguka barabarani, tukaukata kwa zamu kwa shoka la Shomari lisilo na makali, na jua likawa linapanda bila kutungoja. Tulipoliona ziwa chini yetu, sikulitazama. Nilikuwa natafuta mnara wa kanisa.

Karema

Tulikuta watu wanatoka kanisani. Akina mama walikuwa wameshafika njia panda, watoto wanakimbizana na nguo zao za Jumapili. Nilishuka kabla lori halijasimama. Nilikuwa na matope mpaka nyusi, shati limechanika, mtungi wa asali mkononi. Watu walinipisha kama wanavyompisha mgonjwa.

Mzee Anselmi alikuwa amekaa nje ya nyumba yake na wazee wawili. Aliniangalia toka juu hadi chini.

"Mkwe. Misa imekwisha."

"Nimeona, baba."

"Tuliambiwa unakuja na koti."

Shomari akadakia nyuma yangu, "Limevaliwa na gari, mzee."

Wazee walicheka, wakapigana mapajani. Nikawaambia ni kweli. Wakacheka zaidi. Shomari akawapeleka kwenye lori, akafunua boneti, na pale wakaiona kola yangu imekauka ndani ya udongo. Mmoja akauliza lori linasikia baridi wapi. Mimi sikuwa na nguvu za kueleza. Nilitaka kuuliza neno moja tu, na nilikuwa naogopa kuuliza. Mzee Anselmi naye hakulisema. Alikohoa tu, akaniambia nikae.

Ndani nilisikia vyombo. Mnajua desturi ya kule: mama mkwe hasemi na mkwe uso kwa uso, hata macho hayakutani. Ana jambo, analisema kwa mwingine, kwa sauti ya kukufikia. Nikasikia sauti yake nyuma ya mlango, kavu, kama mtu anayeagiza kuni:

"Mwambieni Baba Kabula maji ya kunawa yako tayari, aje ale samaki, mgebuka wa ziwani."

Nilimgeukia Shomari. Nilikuwa na hakika ni yeye, amewahi kuingia kwa mlango wa nyuma akawapanga. Kumbe na yeye amesimama mdomo wazi, na machozi yanachora mistari kwenye vumbi la mashavu yake. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo mtoto mdogo analijua. Mtani hutania. Shemeji hutania. Babu na bibi hutania. Mama mkwe hataniani na mkwe wake, hata siku moja.

Nikalia mbele ya wazee, sikujali.

Veronika alitoka na mtoto amefunikwa kitambaa cheupe. Alinitazama na lile tope lote, akasema, "Padri aliuliza jina, baba akaanza kukohoa. Nikajibu kabla hajamaliza."

Sasa mnaniuliza koti liko wapi. Liko kwenye lori la Shomari, hapa hapa Mpanda, mwende mkalitazame, kola ingali imechungulia. Amekataa kulirudisha, nami nimekataa kulikomboa. Kitambaa kingine nitatafuta msimu ujao. Kabula amelala hapa kando ya cherehani, ndiyo maana leo sishoni. Mkija kumwona, mmwite kwa jina lake, na mliite kwa sauti.